Pata kwa P

Mochama wa Kapkatet anajua kutengeneza kompyuta, hilo hatumnyimi. Shida yake ni mdomo. Aliletwa huku kutoka Kisii akiwa bado wa kubebwa mgongoni, amekunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, mpaka akanenepa, lakini hajaacha kutucheka kwa matamshi, eti B yetu hutoka P. Mteja akilalamika kuhusu printa, yeye huuliza, "Ni P ya Peter ama P ya Benson?" Tunavumilia, maana kompyuta iko mkononi mwake.

Alhamisi aliweka toleo jipya la programu ya kuchapisha kwenye kompyuta ya kanisa. Ijumaa programu ikakataa kufunguka. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha mazishi ya Mzee Kiplangat, baba yake Dorine, karani wa kanisa letu. Mzee alikuwa azikwe kesho yake, na nakala nyingine haikuwako popote.

Mochama akazima, akawasha. Akaondoa programu, akaiweka upya. Mwishowe akaona penye shida: kuna huduma inayofanya kazi chini kwa chini ndipo programu ifunguke, na hiyo huduma haikuwaka kwa sababu ilitaka password ya akaunti ya Dorine. Akampigia simu nyumbani, katikati ya waombolezaji. Akaweka spika, sisi wanakwaya tuliokuja kuchukua vitabu tusikie.

"Pole sana, Dorine. Hebu nipe password."

"Ni pata. Herufi zote ndogo."

Mochama akatukonyeza. "Ni bata, Dorine, si pata! Hata kwa matanga hamuwezi kuhurumia hii B?"

Akacheka peke yake. Sisi tukaangalia sakafu, na yeye akadhani ni huzuni tu.

Akaandika bata. Huduma ikakataa. Akaandika tena kwa kugonga vidole kwa nguvu, ikakataa. Kompyuta ilikuwa inamwambia waziwazi kwamba password si hiyo, lakini yeye akaanza kulaumu virusi, akaanza kulaumu stima, akasema labda afute kila kitu aanze mwanzo.

"Usifute!" Mama Rodah, kiongozi wa kwaya, akaruka. "Fundi, si ujaribu tu vile mtoto amesema?"

Akaandika pata, kumridhisha mama wa watu. Huduma ikawaka papo hapo. Programu ikafunguka, na kwenye ukurasa wa kwanza akatokea mzee na koti lake la Jumapili. Chini ya picha: Mzee Kiplangat arap Sang, "Pata". Maelezo yalifuata, kwamba kwenye kituo cha majani chai hakuwa na salamu nyingine ila "Umepata?", na jina likamshika mpaka kifo.

Mochama alisoma mistari hiyo polepole. Aibu ilimshika mpaka jasho likamtoka kwenye pua. Alitaka kuzima spika, kidole kikakosa.

"Imekubali, fundi?" Dorine akauliza. Kumbe alikuwa bado kwenye simu.

"Imekubali. Dorine, nisamehe. Mimi nilidhani..."

"Najua vile ulidhani. Baba angecheka sana."

Na ile B ilitoka safi, tukaisikia sote.