Nililidaka Kosa, Nikalikalia

Jamani, mwenye makosa ni mimi. Si kompyuta, si umeme, si wale wa intaneti kafe. Ni mimi, mkazi wa Kihonda, niliyemponza mama yangu mdogo kwa ustaarabu wangu wa kijinga!

Ni miaka ile ya soko huria, mahoteli yanachipuka kila kona. Mama mdogo alikuwa na shamba la koliflawa huko juu Uluguru, anataka kununua bati aezeke nyumba kabla ya masika. Nikajitia fundi, nikamtengenezea tovuti kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Hoteli iandike oda, mimi niisome, nimpigie simu avune.

Sasa, kwenye PHP unaweza kutunga kosa lako mwenyewe na kulipatia jina. Mambo yakienda kombo, programu inalirusha, wewe unalidaka na kuamua la kufanya. Langu nililiita KipimoKigeni. Programu ilijua kilo tu, mtu akiandika kingine, kosa linarushwa. Hapo nilijiona mtaalamu kweli!

Balaa lilikuwa kwenye kudaka. Nilitakiwa nimwambie mteja arekebishe. Lakini mimi nimelelewa, bwana! Mgeni humwambii hapana mlangoni. Nikaandika: "Asante, hakuna shida!" Basi. Oda haihifadhiwi, mimi sipati habari, mteja anaondoka anatabasamu.

Mpishi wa hoteli moja akaagiza matenga kumi ya koliflawa kwa ajili ya harusi. Matenga, si kilo. Akaambiwa hakuna shida.

Huku mama mdogo ananipigia, "Baba, bado tu?" Namjibu kwa madaha, "Subiri, mama. Usipeleke sokoni, hoteli watakuja." Koliflawa zikachanua maua ya njano shambani, hazifai tena.

Siku ya harusi mpishi akanipigia anafoka. "Mzigo uko wapi? Si mlisema hakuna shida?" Nikaifungua programu yangu. Mungu wangu!

Nikapanda mlimani kuomba radhi. Mvua ikatukuta ndani, tone likaniangukia utosini.

"Mama, kumbe panavuja hivi?"

Akasogeza sufuria chini ya tone, akatabasamu. "Hakuna shida, baba."

Nilitamani ardhi ipasuke!

Wenzangu mnaoandika programu, ukilidaka kosa, lipigie kelele, hata mbele ya mgeni. Mimi maneno yale mawili nimeshayafuta kwenye tovuti. Masikioni mwangu yamegoma kufutika.