Nilitafuta ushahidi wa ADHD ya utotoni, shangazi akadhani naoa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za huko mliko.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe, si ya rafiki yangu wala ya jirani. Mashahidi wangu wawili wako hai, mmoja Nshamba na mwingine Kamachumu. Jina la shangazi nimelibadilisha kwa sababu siku hizi naye ana simu janja.

Nina degree moja. Ya pili imekwama mwaka wa tatu sasa, zimebaki sura mbili za tasnifu. Nikikaa kuandika asubuhi, ikifika saa sita nakuwa najua kila kitu kuhusu kwa nini senene hufuata taa, na tasnifu yangu haihusu wadudu.

Mwaka huu chuo kikaniandikia barua. Ama nilete taarifa ya daktari inayoeleza kinachonichelewesha, ndani ya miezi miwili, ama jina langu linafutwa. Walisema hivyo kwa heshima sana.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia nikapimwe ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Nikacheka. Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikasoma wiki nzima nikitafuta kasoro kwenye nadharia yenyewe, badala ya kuandika tasnifu.

Baada ya wiki hiyo nikaenda kumwona daktari.

Huyu ni daktari wa afya ya akili anayefika Bukoba mjini mara moja kwa mwezi, anakaa wiki moja. Mtu mpole, mwenye miwani, haharakishi neno. Akanisikiliza, akaniuliza maswali mengi, kisha akasema dalili za sasa anaziona. Shida ni zile za zamani. Ili aandike, lazima aone kwamba hali hii ilikuwepo kabla sijafika miaka kumi na mbili.

Nikamuuliza, "Nani aliamua iwe kumi na mbili? Kwa nini isiwe kumi na tatu?"

Akasema, "Ukimaliza maswali tutaendelea na fomu."

Nikamweleza kwamba kwenye darasa la kipaimara nilimuuliza mchungaji maswali mpaka akaniomba niwaachie na wenzangu.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Umechelewa," akasema, akaendelea kuandika.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulipenda, kwa sababu lilikuwa na mantiki. Nilikwisha kumwambia kwamba baba alifariki nikiwa na miaka saba na mama nikiwa na tisa. Mliokulia Kagera miaka ile ya ugonjwa mnajua, sina haja ya kusimulia. Daktari akasema mtoto aliyezika wazazi wawili anaweza kuhangaika, kusahau, kutotulia, bila kuwa na ADHD hata kidogo. "Nataka kujua kama msiba ndio ulioanza," akasema, "au wewe ndiye uliyeanza."

Wakuu, swali hilo nilitoka nalo mpaka Nyanga ninakoishi. Kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa na majibu mawili tu: ama mimi ni mvivu, ama ni yatima. Sikuwahi kujua ni lipi.

Ushahidi wa maandishi sikuwa nao. Baada ya mama nilihamishwa nyumba tatu, na kila nilipohama kuna kitu kilibaki nyuma. Shuleni nilikosoma, kumbukumbu za miaka hiyo zililiwa na mchwa. Nilipata ripoti moja tu, ya darasa la nne. Tabia: nzuri sana. Maoni ya mwalimu: ajitahidi.

Nikawauliza wenzangu watatu niliosoma nao. Wote walikuwa na tabia nzuri sana, na wote waliambiwa wajitahidi.

Nikarudi kwa daktari kabla wiki yake haijaisha, akasema basi tumpigie mtu mzima aliyenilea. Nikampa namba ya shangazi Koku wa Nshamba, dada yake baba, mwenye duka la vitenge. Masharti yalikuwa kwamba simu iwekwe spika, nami nisiseme neno.

Daktari akajitambulisha. Akasema yuko na kijana wao ofisini, na angependa kujua kidogo tabia zake alipokuwa mdogo, na afya ya ukoo kwa jumla.

Upande wa pili sauti ya shangazi ikabadilika, ikawa ile anayotumia kanisani akisoma matangazo.

"Karibu sana, Daktari. Uliza tu, waitu. Sisi hatuna cha kuficha."

"Mtoto alikuwa anaweza kutulia sehemu moja?"

"Kutulia? Ukimweka hapa asubuhi, jioni unamkuta hapo hapo. Mpaka tulikuwa tunamsogeza."

Daktari akanitazama juu ya miwani.

"Alikuwa anapoteza vitu? Anasahau alichotumwa?"

"Huyo ndiye aliyekuwa anatukumbusha sisi."

"Shuleni?"

"Wa kwanza. Na akitoka shule anakwenda kumsaidia bibi yake bila kuambiwa."

Sikuwahi kuwa wa kwanza. Niliinua mkono kupinga, daktari akaushusha kwa kalamu.

"Katika ukoo kuna mtu yeyote mwenye matatizo ya akili?"

"Daktari," shangazi akasema taratibu, "ukoo wetu una akili nyingi kupita kiasi. Kama hilo ni tatizo, basi tunalo sote."

Simu ikakatika kwa baraka nyingi. Daktari akasoma alichoandika, akaifunga kalamu. Akasema kwa ushahidi huu mimi ni mtoto mtulivu kuliko wote aliopata kuwasikia, na hawezi kuandika kinyume chake. Atarudi Bukoba mwezi unaofuata. Kama nina kingine, nilete.

Muda wa chuo ungekuwa umebaki siku tatu.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Nshamba. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika dukani shangazi alinipokea kwa kunikumbatia mbele ya wateja, akafunga duka mchana kweupe. Akaniketisha, akanisogezea kahawa za kutafuna, akakaa mbele yangu akitabasamu.

"Sasa niambie. Ni wa wapi?"

"Nani?"

"Usinifiche. Wametuma na daktari kabisa. Ni watu makini, nimewapenda."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Kwetu watu wakitaka kuoza au kuoa, huuliza kwanza, na hawakuulizi wewe, huwauliza wakubwa zako. Miaka ile ya ugonjwa kuuliza kukazidi. Hakuna aliyemtoa binti bila kujua nyumba fulani wamekufa na nini, na waliobaki wakoje. Shangazi yangu alizika kaka watatu, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwajibia waliobaki. Amewaozesha binamu zangu wanne kwa majibu ya namna ile. Leo simu inalia, daktari anauliza afya ya ukoo. Mlitaka ajibu nini?

Nikasema, "Shangazi, hakuna mchumba. Mimi ndiye mgonjwa. Yule ni daktari wangu."

Tabasamu likaondoka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ugonjwa gani?"

Niliona anachofikiria, nikamkatisha haraka. Nikamwambia si ule uliowamaliza kaka zake. Ni hii ya kutotulia, kusahau, kuanza mambo bila kuyamaliza. Daktari anataka kujua kama nilikuwa hivyo tangu mtoto.

Shangazi akashusha pumzi. Kisha akasema, "Kumbe ndicho alichokuwa anauliza?"

"Ndicho."

"Ungesema mapema, mwanangu. Wewe ulikuwa balaa."

Wakuu, nilipigwa nusu saa ya ushahidi bila kupumua. Nilipeleka mbuzi malishoni nikarudi na mbuzi wa watu wengine. Nilitumwa chumvi dukani nikaonekana jioni, bila chumvi, nimejifunza kusuka mkeka. Nilitoka kanisani katikati ya mahubiri kumfuata kinyonga. Kila tukio alikuwa nalo na siku yake, kama mtu aliyekuwa akisubiri miaka ishirini aulizwe.

"Na hujaona visu vya bibi yako," akasema.

"Visu gani?"

Akachukua ufunguo wa duka. "Twende Kamachumu."

Bibi sasa ni mzee sana, lakini masikio yapo na ulimi upo. Shangazi alimweleza kwa Kihaya, na kwa bahati mbaya alianza na habari kwamba hakuna mchumba, kwa hiyo tukasubiri kwanza masikitiko hayo yaishe. Kisha bibi akanyanyuka mwenyewe, akaingia chumbani, akarudi na kikapu.

Ndani mlikuwa na visu saba. Vyote vina kutu, viwili havina mpini.

Lazima niwaeleze wasiojua migomba yetu. Chini tunatandaza nyasi nene, mwaka juu ya mwaka. Kitu kikidondoka pale kinazama, na huwezi kukiona mpaka siku nyasi zikigeuzwa. Mimi nilikuwa natumwa kukata majani ya mgomba ya kufunikia chungu cha ndizi. Nilikuwa narudi na majani, au narudi bila majani, lakini kisu sirudi nacho.

Bibi akaviweka mkekani kimoja kimoja.

"Hiki ulimfuata ndege. Hiki tulikipata siku ya kung'oa mibuni. Hiki sijui ulimfuata nani."

"Bibi, mbona hukuwahi kunigombeza?"

"Nani angekugombeza?" akasema. "Tulipomaliza matanga ya mama yako, babu yako alisimama mbele ya ukoo. Akasema atakayempandishia sauti mtoto huyu asije tena kula kwake. Basi. Tangu siku ile akienda sokoni ananunua visu viwili. Kimoja cha kutumia, kimoja cha wewe kupoteza."

Nilikuwa nimekuja na hasira, nimewaambia. Hapo sikuikumbuka tena. Shangazi akajifanya anapanga vikombe.

Lakini swali la daktari lilikuwa bado linanisumbua. Kama visu vyote ni vya baada ya matanga, basi msiba ndio ulioanza. Nikauliza, nikiogopa jibu, "Vyote ni vya baada ya mama?"

Bibi akapekua kikapu, akatoa kimoja kifupi, chenye mpini wa mti uliochongwa alama ya msalaba.

"Hiki ni cha mama yako mwenyewe. Ulikipoteza baba yako akiwa mzima, anajenga ile nyumba ya mbele. Ulikuwa hujaanza shule. Mama yako alikitafuta siku mbili, halafu akakaa chini akacheka. Akasema, huyu ni baba yake mtupu."

"Baba alikuwa anapoteza visu?"

"Visu tu?" shangazi akadakia. "Mwulize bibi yako habari za redio."

Wakati wa vita vya Kagera, watu walipoanza kukimbia kutoka Bukoba, babu alimpa baba redio ya nyumbani akaifukie migombani isichukuliwe. Baba alikuwa kijana wa shule. Akaifukia vizuri sana. Vita vikaisha, watu wakarudi, na baba akawa amesahau ni mgomba upi. Walichimba msimu mzima. Haijaonekana mpaka leo.

Nikamwambia shangazi, "Daktari alikuuliza kama katika ukoo kuna mtu wa namna hii."

"Aliuliza matatizo ya akili," akasema. "Kusahau redio si tatizo la akili. Ni tatizo la redio."

Siku ya daktari nilikwenda na kile kisu cha mama. Nilikiviringisha kwenye gazeti, nikakishika mkononi njia nzima, sikukiweka chini hata mara moja. Nikakifikisha. Nilichosahau ni ile fomu ya maswali ya daktari, ambayo shangazi alikuwa ameijaza na kuitia sahihi. Niliiacha juu ya meza ya bibi.

Daktari akasema, "Hiyo nayo naiandika."

Akampigia shangazi tena. Safari hii walizungumza mpaka mgonjwa aliyefuata akagonga mlango. Mwishoni akaniambia kwamba msiba uliongeza mzigo, hilo halina ubishi, na tutalizungumza polepole. Lakini haukuanza nao. Kuna mtoto aliyekuwepo kabla ya msiba, na mtoto yule alikuwa tayari amekwisha kupoteza kisu.

Akaandika taarifa. Chuo wameipokea na kuniongezea miezi sita.

Je, sasa naamini? Bado nina maswali yangu, ikiwemo hilo la kumi na mbili. Sijisikii kama nimepona, na sura mbili bado ziko pale pale. Uzi huu wenyewe naandika saa ambayo nilitakiwa kuwa sura ya nne. Ila lile neno mvivu nimeliacha Kamachumu.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilikuwa naona utoto wangu hauna ushahidi kwa sababu hakuna aliyenitazama. Kumbe walinitazama sana. Waliamua tu kutosema, na kila aliyekaa kimya alikuwa ananifanyia hisani. Wewe uliyelelewa na bibi au shangazi miaka ile, ukienda kuuliza ulikuwaje, ukijibiwa ulikuwa mtoto mzuri, usiondoke. Waambie kwanza kwamba huoi. Halafu kaa chini usikilize.

Karibuni tujadiliane. Waliopimwa ukubwani, ninyi mlileta ushahidi gani? Na wanaosema haya ni mambo ya kizungu, njooni pia, hoja zenu nyingi nimeshazitumia mwenyewe.

Na kama kuna mwenye kile kifaa cha kutafuta chuma ardhini, aje PM. Bibi anataka redio yake.