Picha ya Bosi kwenye Tovuti

Nilipokuwa natunza tovuti ya kampuni ya utalii mjini Iringa, nilimdharau bosi wangu kuliko mtu yeyote. Ukurasa wa kwanza aliujaza picha yake ya suti na habari za maisha yake. Takwimu zilionyesha watu wakifika hapo, wakikaa sekunde chache, wakiondoka. Waliovumilia walikuwa wakitafuta makumbusho ya Kalenga.

“Bosi, wanataka kujua njia ya Kalenga,” nikamwambia, nikimwonyesha grafu.

Akaitazama, akakunja uso. “Picha ni ndogo. Hawanioni vizuri.”

Nikaikuza ikajaa skrini nzima. Mwezi uliofuata hata wale wa Kalenga wakapotea.

“Watu wa siku hizi hawana adabu,” akasema.

Nikarudi kwetu Mbeya bila kumuaga.