Nyota ya Hamad, Nambari 4417

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili za jioni, siku ya Jumatano, umeme ulikatika Chake Chake nzima. Ulirudi saa kumi na mbili na dakika arubaini na moja. Naanza na saa kwa sababu mimi ni fundi saa, na jioni ile nilikuwa na saa mbili, yangu na ya mteja niliyokuwa naipima mwendo, na zote zilikubaliana. Nitakayoyasema yalitokea ndani ya dakika hizo kumi na tisa. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza hadi mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi, uchaguzi umepita na watu hawasalimiani. Wa chama hiki hanunui unga dukani kwa wa chama kile. Mahali ambapo bado tulikaa benchi moja ni chumba cha kompyuta cha Bi Raya, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alikuwa na kompyuta nne za wateja, nyingine kubwa chini ya meza yake, na mchezo wa anga aliotumiwa na nduguye wa Maskati. Alitoza shilingi mia tano kwa saa na kila dakika aliiandika. Siasa aliipiga marufuku.

"Humu mna nyota tu," alikuwa akisema. "Mwenye bendera aiache chini."

Katika mchezo ule unapewa chombo kidogo, unazunguka kati ya maelfu ya nyota, kila moja na nambari yake na dunia zinazoizunguka. Sote tulicheza katika anga moja. Alichokigundua mmoja, wote tulikiona. Na nyota zilikufa. Nyota kubwa ilivimba, ikawa nyekundu, kisha ikalipuka, jambo ambalo wataalamu huliita supanova. Dunia zake ziliungua, njia za kupitia hapo zikafungwa, na mahali pake pakabaki wingu la rangi na kijinyota kizito kinachozunguka kwa kasi. Hayo niliyasoma hata nje ya mchezo, kitabu kimoja cha Kiingereza, kamusi pembeni, miezi mitano. Nilijua kwamba nyota ndogo ya manjano, kama jua letu, hailipuki namna ile, kwa kuwa uzito wake hautoshi. Mchezo nao ulifuata kanuni hiyo. Nilikuwa nimeandika milipuko thelathini na mmoja, na katika hiyo hapakuwa na nyota ya manjano hata moja. Likumbuke hili.

Miaka miwili nilipima nyota moja baada ya nyingine, nikajaza daftari la kurasa mia mbili, nikapata mawe makavu. Hamad, fundi cherehani wa mlango wa pili kutoka kwangu, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, hakuwa hata na kalamu. Siku moja alibonyeza pasipofaa, chombo kikaruka ovyo, akajikuta kwenye nambari 4417: nyota ya manjano, dunia saba, moja ina bahari ya kijani na miezi miwili inayopishana juu yake. Hakuna aliyekuwa ameona kitu kama kile.

Watu walipanda ngazi kuja kuitazama, hata wasiojua kushika kompyuta. Na kila aliyeitazama alisema Mashaallah, kama tunavyosema kwetu mbele ya mtoto mnono au mkarafuu uliobeba, ili jicho lisidhuru. Mke wangu naye alikwenda. Aliporudi aliniuliza, "Na weye, baba watoto, yako iko wapi?"

"Naitafuta."

"Hamad hakutafuta," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nilikuwa na kijicho. Neno jingine sina. Miezi minane Hamad alinigeuzia kioo cha kompyuta yake na kuniambia, "Tazama, yakhe, leo bahari imetulia," nami nikamjibu, "Naona." Mashaallah sikuisema hata mara moja. Sikusahau, la. Ilifika kooni, nikaimeza.

Jumatano ile Hamad alikwenda Kiuyu kumtazama mamake. Bi Raya alishuka kutia udhu wa magharibi, nikabaki peke yangu juu. Umeme ulipokatika, vioo vitatu vilizima. Cha nne, cha pembeni, kilibaki kinawaka, na mbele yake alikuwa amekaa mtu.

Hakupita kwenye ngazi. Ngazi zile ni za mbao, hata paka akipanda utamsikia. Alivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, mtu wa umri wangu tu. Nilitazama saa yake, kwa mazoea ya kazi. Mshale wa sekunde ulikuwa umesimama. Nikatazama tena: umesimama, lakini mahali pengine, na saa ni sahihi kabisa. Nilitazama mara nne. Sikuuona ukienda, na haukukosea. Niamini, saa ya namna hiyo haijatengenezwa na fundi yeyote.

Hakutoa salamu.

"Wote wameisemea neno lao," alisema bila kugeuka. "Kila mmoja kafunga mlango. Weye tu ndiye uliyeuacha wazi."

"Wewe nani?"

"Miezi minane waniita, leo waniuliza jina?" Akacheka kidogo, kama mtu wa barazani. "N'somee nambari, fundi. Daftari si hilo mkononi?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusoma Ayatul Kursi, ambayo nimeihifadhi tangu nina miaka saba. Badala yake nilifungua daftari, na kwa mwanga wa kioo kile nikasoma polepole, tarakimu moja moja: nne, nne, moja, saba. Ya mwisho alibonyeza sita. Nami nikamsahihisha. Nikamwambia, "Si sita. Saba."

Kisha nikamuuliza anataka malipo gani.

"Mie silipwi. Nikiitwa mahali hukaa tu."

Umeme ukarudi. Kiti kilikuwa kitupu.

Asubuhi Hamad alifungua nyota yake akakuta wingu, na dunia saba nyeusi kama makaa. Mchezo ule huandika kila tukio na saa yake. Uliandika kwamba 4417 imelipuka saa kumi na mbili na dakika thelathini za jioni. Wakati huo kompyuta kubwa inayotunza anga yote haikuwa na umeme. Jenereta Bi Raya hakuwa nayo, betri hakuwa nayo. Waya nilizikagua mwenyewe. Na nyota ilikuwa ya manjano. Sasa wewe niambie, nani aliyeilipua?

Wingu lililobaki, la zambarau na kijani, lilikuwa zuri kuliko nyota yenyewe. Watu wakaanza kupanda ngazi kulitazama hilo. Hamad alilitazama mara moja tu.

"Mie siwezi, yakhe," aliniambia. "Nyumba yangu imeungua, watu wausifu moshi. Lichukue weye. Una daftari, utalitunza."

Akashuka, na hakupanda tena.

Je, nilifurahi? Siku moja, ndiyo. Siku ya pili niliingia ndani ya lile wingu, nikakuta katikati yake chombo kimesimama, hakina jina, hakijibu. Nilihamia nyota nyingine, nacho kikawapo. Nilimwita Bi Raya aone, akasema, "Mbona mie naona kiza tu, shehe?" Nikaacha mchezo. Lakini dukani kwangu, hadi leo, magharibi ikikaribia, mishale ya sekunde ya saa zote za ukutani husimama. Nikigeuza uso na kutazama tena, imesimama mahali pengine, na saa ni sahihi. Siku hizi nafunga saa kumi na mbili kamili, nami siangalii ukutani.

Ukiona cha mwenzako na kinakuchoma, sema Mashaallah. Hata kama ulimi ni mzito, isukume itoke. Usidhani unamlinda yeye peke yake.

Nilimwomba Bi Raya daftari lake, nikajumlisha saa ambazo Hamad alilipia ile nyota: mia nne na sita. Nikatia fedha zake katika bahasha, nikampelekea kwenye cherehani yake.

"Za nini?" akauliza.

Nikaiweka juu ya kitambaa alichokuwa anashona.

"Mie sikudai kitu, yakhe," akasema, akanirudishia huku anacheka, akaendelea kushona. Bahasha iko kwenye kopo, chini ya meza ninayofanyia kazi, inangoja siku nitakayoweza kumjibu. Ndani yake mna shilingi laki mbili na elfu tatu.