Wosia wa Mama Uliokosa Shahidi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoipakia kompyuta ya dukani kwenye mkokoteni, nikaifunika kanga isiingie vumbi, nikaipeleka nyumbani kwetu Ujiji ili imsikilize mama yangu aliyekuwa anakufa. Watu walitoka vibarazani kutazama. Nami nikatembea mbele ya mkokoteni shingo imesimama, utafikiri nasindikiza bibi harusi. Mpaka leo natamani angetokea mtu wa kunizaba kofi.

Nilikuwa binti mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi karibu na soko. Katika mtaa wetu ndimi niliyeanza kuijua kompyuta, na sifa zilikuwa zimenilevya. Mama yangu alikuwa Muha wa Mwamgongo aliyeolewa Ujiji na baba, na katika kusema kwake Kiha cha kwao hakikumtoka. Alituzaa wawili tu, kaka yangu Yasini na mimi, Zaituni.

Kaka aligombana na mama tukiwa bado kwenye matanga ya baba. Sababu ilikuwa ndogo, sitaki hata kuirudia. Arobaini ya baba haijafika, Yasini akapanda boti kwenda Kalemie, na mama akasimama mbele ya wafiwa akasema kijana huyo asimwite mama tena. Neno kama hilo likitoka kinywani mwa mzazi, mwanangu, mtoto anakwenda nalo popote. Kaka alikwenda nalo mpaka ndani kabisa ya Kongo, na hakurudi.

Baadaye mama akaugua. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, boti zilikwenda kwa kubahatisha, na kaka hatukumpata. Mama alipoona kitanda kimemshika, akasema ana maneno ya Yasini. Hakusema ni ya kumpa radhi au ya kumnyima. Alichotaka ni kwamba ayasikie akiwa amekaa ndani ya nyumba ile, na siyo njiani wala kwenye nyumba ya watu.

Kwetu wosia wa mgonjwa hukaliwa. Watu wazima wawili wanaoaminika hukaa karibu na kitanda, husikiliza mpaka mwisho, na mwenye wosia akifika humsimulia, huyu akimkumbusha mwenzake anapoteleza. Mama mdogo Asha, mdogo wake mama, alikuwa ameshaleta mkeka wake. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia maneno ya siri yakipita kwenye masikio ya watu yanatoka yamepinda, lakini mashine haiongezi neno wala haipunguzi.

"Basi lete ile redio ya kaseti ya baba yako," akasema.

Nikacheka. "Kaseti zimepitwa, mama mdogo. Redio inazitafuna."

"Na Yasini akija akauliza mama yake alisema huku analia au huku amekasirika, nani atamjibu?"

"Sauti itamjibu."

"Zaituni, mtu anayekufa anataka kusikilizwa na mtu," akasema. Hakupandisha sauti. Alichukua mkeka wake akaenda nao jikoni, na tangu siku hiyo hakukanyaga dukani kwangu mpaka naye tulipomzika.

Mama aliniuliza, "Wewe utakaa, mwana wanje, mwanangu?" Nikamwambia sikai, maneno ni ya kaka, nayaheshimu. Nilimwekea kipaza sauti karibu na mto, nikamwonyesha kitaa kinachowaka, nikatoka uani. Nilisikia anasema, lakini sikusikia anachosema. Nilijiona mwenye adabu kubwa sana. Kulipokuwa kimya nikaingia, nikamkuta amegeukia ukutani amelala, nami sikuzunguka kumtazama uso. Siku chache baadaye akafariki.

Baada ya mazishi nilifungua ile sauti nihakikishe imeingia. Nikasikia kikohozi, halafu "Yasini," basi, kama anavyoitwa mtu aliye uani. Nikaifunga hapo hapo. Nilimwandikia kaka barua, nikawapa wafanyabiashara wa boti, kwamba maneno yake yapo salama na hakuna binadamu aliyeyasikia, hata mimi. Sentensi hiyo niliipenda sana. Nilidhani nimemtunzia heshima.

Sasa sikiliza nilivyokitunza hicho nilichokabidhiwa.

Programu niliyorekodia nilipewa bure kwenye CD na jamaa aliyetoka Dar, na ilikuwa inahifadhi sauti kwa namna yake, kiasi kwamba programu nyingine haikuweza kuifungua. Niliichagua kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri. Kompyuta ile ilipochakaa nikanunua mpya, na mpya ikaikataa sauti ile. Nilizunguka na faili la mama kwa mafundi kama mtu mwenye mgonjwa, mpaka mmoja akalibadilisha na kunichomea kwenye CD. Mtu mwenye akili angekoma hapo, angetengeneza CD nyingine na kumpa mama mdogo aiweke sandukuni.

Mimi nilikuwa nimeshasikia habari za mtandao. Watu wakasema sasa mambo yote yako huko, moto haufiki, panya hawafiki, na tena ni bure. Nikafungua barua pepe kwenye huduma iliyokuwa inasifiwa wakati ule, nikaipandisha sauti ya mama humo, nikaiandikisha kwa namba yangu ya simu. CD nikaitundika mlangoni mwa duka ifukuze ndege, ikizunguka na kumeremeta. Wateja waliisifia. Jua likaibabua mpaka ikawa nyeupe.

Halafu wote wakahamia huduma nyingine, iliyokuja na simu za kupapasa, nami nikahama. Kampuni nyingine ya simu ikaleta vifurushi vizuri, nikabadili laini. Ikaja programu mpya ya kutuma ujumbe, nikaingia. Kila nilipohama nilibeba kinachochekesha, picha za harusi, nyimbo, na maneno ya mama nikayaacha kule, kwa sababu niliambiwa kule hapaharibiki. Sikuwahi kukaa chini nikajiuliza ni nani aliyeniahidi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniahidi.

Kaka Yasini alirudi mwaka jana. Alishuka kwenye boti na mfuko mmoja, kichwa kimekuwa cheupe, nami nilimpita bandarini bila kumtambua. Usiniulize kwa nini alikawia hivyo baada ya vita kwisha. Mwenyewe alinijibu kabla sijauliza: alikuwa anaogopa. Maadamu hajayasikia maneno, alisema, kulikuwa na nusu ya radhi. Sasa umri umekwenda, na hataki kufa na nusu.

Alioga, akavaa kanzu, akaingia chumba cha mama, akakaa penye kitanda. "Haya, dada," akasema. "Niwekee."

Nikatoa simu nikaanza kuitafuta ile barua pepe. Neno la siri nilikuwa nimelisahau. Ile huduma ikasema imenitumia tarakimu za kuthibitisha kwenye namba yangu, ikaonyesha mwisho wa namba ile, na ilikuwa laini niliyoitupa. Nikaipiga. Ikaita, na binti wa Kasulu akapokea. Kumbe laini usipoitumia wanampa mtu mwingine.

"Mwanangu, samahani," nikamwambia, "hapo kwako kuna ujumbe wenye tarakimu umeingia. Naomba unisomee."

"Mama, shikamoo. Hizo mbinu zenu tunazijua."

"Siyo utapeli, mwanangu. Ni sauti ya marehemu mama yangu."

"Na juzi mwingine alikuwa na mtoto mgonjwa," akasema, akakata.

Ukutani dukani kwangu, mwanangu, kuna karatasi niliyoichapa kwa mkono wangu na kuipiga laminesheni, kwa herufi kubwa: USIMSOMEE MTU TARAKIMU ZINAZOINGIA KWENYE SIMU YAKO. Nimewafundisha hivyo wateja kwa miaka. Siku hiyo nilirudi dukani nikakaa chini yake, na sikupata hata mtu wa kumkasirikia. Yule binti alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kaka hakukubali tushindwe. Alimtafuta shehe wa msikiti wetu, shehe akampata mwenzake wa Kasulu, huyo akaenda mpaka kwa baba wa binti. Mwisho baba mwenyewe akatupigia. Tukasalimiana kwa Kiha, mwakeye, akauliza marehemu alikuwa wa wapi, nikasema Mwamgongo, akatupa pole kama za juzi, akamwita bintiye asome tarakimu mpya. Aliposoma, kaka alikuwa ameshika mkono wangu.

Mlango wa ile barua pepe ukafunguka, na ndani hakukuwa na kitu. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa adabu, kwamba kwa kuwa akaunti haikutumika kwa muda mrefu, yaliyomo yameondolewa, na kwamba walinionya mara kadhaa. Ni kweli walinionya. Walinionya kwa barua pepe hiyo hiyo niliyoacha kuifungua. Hawakuniibia wala hawakunidanganya, nami nawachukia vilevile.

Kaka akauliza, kwa upole ambao singeutaka, "Basi niambie tu alikuwa na uso gani alipomaliza kusema."

Sikuwa na uso wa kumpa. Nilichokuwa nacho ni ukuta na mgongo wa mama. Nikafanya nilichodhani ni huruma, nikasema, "Alikuridhia, kaka. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ile barua yangu, ile niliyoandika kwamba hata mimi sikuyasikia, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Hakuisoma. Aliiweka tu kitandani, pale penye mto, akatoka.

Anaishi Bangwe sasa, anashona nyavu. Hatujagombana. Nikimpelekea chakula anakula na kunishukuru. Kila Ijumaa anakwenda kaburini kwa mama, anakaa chini kama mtu anayesubiri zamu yake, na akirudi akipita mbele ya nyumba yangu haniangalii. Nilipompelekea mama habari za dunia mpya kwenye mkokoteni, nilidhani namtumikia. Nilimfunga mama yangu mdomo, na kaka nikamwacha mlangoni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaizungusha. Badili simu upendavyo. Hama huduma, ingia nyingine, sikukatazi, mimi mwenyewe duka langu linakula kwa hayo hayo. Lakini kabla hujahama, rudi nyuma uangalie umeacha nini, na ukikuta kitu cha mtu, kitoe kwa mikono yako ukiweke unapoweza kukigusa, halafu umwambie mtu mwingine kipo wapi. Namba uliyoandikishia mambo yako usiitupe kama ganda la muwa. Na yule anayekupa vitu bure muulize atavitunza mpaka lini. Akikosa jibu, wewe umeshajibiwa.

Hayo ni ya mashine. Kubwa kuliko hayo ni kwamba mzazi wako akikuita akwambie jambo, kaa. Rekodi ukitaka, lakini na wewe uwepo, umtazame usoni, hata kama maneno si yako, hata kama yanakuchoma. Mama mdogo Asha aliniambia hivyo akiwa na mkeka mkononi, nami nilimcheka.

Mimi pia sasa nakohoa. Mungu akupe macho ya kuona unachokiacha, akupe umri wa kukirudia, akuepushe na kukaa penye kitanda kitupu ukiulizia sauti. Na radhi yangu nimekupa, yote, bila nusu. Nimeisema leo kwa mdomo wangu, barazani kwangu, mbele ya jirani yangu Mama Mwajuma na binti yake, nao wamekaa hapa kwenye mkeka mpaka nilipomaliza. Siku ukitaka kujua nilikuwa na uso gani, waulize wao.