Kilima Tulichokipima Bure

Kabla ya vita kufika Butembo nilikuwa mwalimu wa shule ya kanisa mtaani Mususa. Kila Jumamosi nilipanda kilima pamoja na agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo wa serikali, mzee mpole aliyeletwa kutoka Kasai. Chemchemi ya mtaa wetu ilikuwa inapungua. Upande mmoja wa kilima tulikuwa tumepanda mikaratusi, upande wa pili miti ya asili. Tulipima urefu wa miche, tukaitia alama kwa vijiti vya rangi nyekundu, kisha tukashuka kuangalia maji yanatoka kwa nguvu gani.

"Madame, kupanda ni kazi ya siku moja," aliniambia. "Kazi yenyewe ni kurudia kuangalia."

Baada ya miaka kadhaa tuliona wazi. Chini ya mikaratusi udongo ulikuwa mkavu kama unga. Upande wa pili, chemchemi ilipotokea, maji yalikuwa yanarudi, na mimi nilifurahi kama mtu aliyepona homa.

Ndipo askari walipoweka kambi juu ya kilima. Walimkamata agronomu akiwa na kamba ya kupimia mkononi.

"Hii bijiti ya rouge, munaonyesha nani njia?"

"Hapana, mukubwa. Tunapimaka miti."

"Miti inapimwaka? Unatuona sisi bajinga?"

Walimpiga kwa kitako cha bunduki mbele yangu. Sikio lake la kushoto halikusikia tena. Miti ya asili waliikata yote, wakachoma makaa wakauza sokoni. Na sisi tuliyanunua, maana watoto walipaswa kula.

Askari walipoondoka, shirika moja la misaada lilileta lori zima la miche ya mikaratusi. Agronomu alimfuata mkubwa wa shirika hadi garini, akamweleza yote tuliyoyaona.

"Papa, hii miti inakomeaka mbio, inakuwaka mirefu haraka," yule bwana alimjibu. "Bazungu banataka kuona kijani kwa photo."

"Lakini maji itaisha!"

"Maji hapana programme yetu."

Wakapanda miche yao, wakapiga picha. Agronomu aliomba uhamisho. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Mavivi. Alinipa mkono, akapanda ndege. Miaka michache baadaye, wakati wa kiangazi, chemchemi ikakauka kabisa. Sasa akina mama wa Mususa wanashuka hadi bondeni kuteka maji, ndoo kichwani, wakipita katikati ya msitu mzuri ambao kila mgeni anausifu.