Aliye Nyuma Hajajibu

Kuna Jumapili moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umeniomba nikutumie wimbo wa nkambo, bibi yetu, kwenye simu, lazima uisikie kwanza habari yake. Usinicheke nikijiita mzee. Sina mvi hata moja, na wewe ni mtoto wa kaka yangu. Lakini katika ukoo wetu anayetangulia kuimba ndiye mzee, na mwaka huu kifua cha nkambo kimechoka, akaniweka mbele.

Wakati ule nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Lubumbashi, na sikukubali jambo kabla ya kulichokonoa. Padri akihubiri, nauliza. Profesa akifundisha, nauliza. Nkambo Yulita, mama yake babu yako, akisimulia yeye na wenzake walivyopanda milima ya Mitumba wakiwa wasichana, mizigo kichwani, mimi nilitaka kujua njia ilikuwa na urefu gani na nani aliipima.

Wimbo wetu ni wa kupandia mlima. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, wa mbele hakumwona wa nyuma. Basi anayetangulia aliimba mstari, akauliza nani yuko nyuma, akanyamaza. Wa mwisho katika msafara alijibu kwa kuimba jina lake na mzigo aliobeba. Akijibu, safari inaendelea. Akiitwa mara tatu bila jibu, mizigo inatuliwa, watu wanashuka kumtafuta, na siku hiyo hakuna anayeimba tena.

Nkambo na mdogo wake, Nkambo Marta, waliuleta mjini walipoolewa na wafanyakazi wa reli. Kila Jumamosi, uani kwetu Katuba, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, Yulita alikuwa mbele na Marta nyuma. Marta alijibu kwamba amebeba chumvi, ingawa mkononi alikuwa na mchi tu.

Yote haya niliyajua, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Nilimrekodi Nkambo Yulita peke yake chumbani, mlango nimeufunga ili kuku wasisikike. Aliimba, akauliza, akanyamaza kwa muda mrefu. Usiku nikakaa mbele ya kompyuta nikakikata kimya chote kilichofuata kila swali. Katuba hakuna ukungu, nilijiambia, tunamngojea nani? Wimbo ukatoka mfupi na laini, nikajipongeza.

Baada ya wiki chache Nkambo Marta akafariki. Siku ya kumaliza matanga ilikuwa Jumapili mchana, ndugu wamefika hadi kutoka Pweto na Kilwa, ile yetu ya ziwani. Kwetu siku hiyo wimbo huimbwa ili fasi ya marehemu, nafasi yake katika wimbo, ipate mtu. Asipopatikana, wimbo unawekwa chini, na ukoo hauuimbi tena. Mimi sikungoja kuombwa. Nikaweka spika juu ya kiti, nikabonyeza.

Sauti ya nkambo ikajaa uani. Ikauliza nani yuko nyuma, na papo hapo ikarukia mstari wa pili. Mama zetu walikuwa wamefungua vinywa, wakavifunga. Mstari wa tatu, vivyo hivyo. Shangazi mmoja akaanza kulia, na hakuwa analia kwa uzuri wa wimbo.

"Zima ile kintu," nkambo akasema.

Nikazima, nikaiondoa kitini.

"Fasi ya Marta iko wapi?"

"Nkambo, nilitoa tu kimya. Hakukuwa kitu mule."

"Hakukuwa kitu!" Akageukia wenzake. "Munasikia? Mutoto wa iniversite anasema Marta hakukuwa kitu." Kisha kwangu, polepole: "Weye unajua kuuliza, Odette. Kila siku unauliza. Lakini hauyuwi kungojea jibu. Sasa utangojea na sisi."

Akasimama akishika ukuta, akaimba mwenyewe. Akauliza nani yuko nyuma. Akanyamaza. Hakuna aliyejibu, maana baada ya yale kila mtu alidhani fasi ile ni kubwa kwake. Akauliza mara ya pili. Nilisikia basi likipita barabarani. Nilielewa kwamba akiuliza mara ya tatu na kimya kikabaki, mambo yamekwisha, na wimbo uliovuka milima utafia juu ya saruji yetu kwa sababu yangu.

Akauliza mara ya tatu.

Sauti yangu ilitoka mbaya, kama ya mbuzi. Niliimba jina langu, kisha nikakwama kwenye mzigo. Mikono yangu ilikuwa na nini? Niliangalia. Nilikuwa nimeikumbatia spika.

"Nabeba... nabeba radio!"

"Eh, radio!" akapasuka kicheko baba mdogo mmoja. "Iko nzito?"

Uani kote wakacheka, huku machozi bado mashavuni. Nkambo hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa akingoja, akaingia mstari uliofuata.

Kwa miaka yote iliyofuata nilikaa nyuma. Sikuacha kuuliza, hata leo sijaamini kwamba wafu wanatusikiliza, na nkambo anajua. Anachodai ni kwamba nijibu nikiitwa.

Sasa mimi niko mbele, na fasi ya nyuma iko wazi. Unasema unahamia Mokambo kwa biashara, unataka rekodi tu. Sikutumii. Shaka zako njoo nazo, tena zote, sitakukemea. Ila usikate kitu ambacho hujakingojea hadi mwisho, na usifikiri kimya cha mwenzako ni nafasi tupu ya kupita. Mtu akiita jina lako, jibu, hata kama ulichobeba kinachekesha.

Mungu akupe kifua kipana na miguu isiyochoka. Barabara ya Mokambo ikupeleke salama, na kila Jumamosi ikurudishe Katuba. Nitaimba mstari wa kwanza, nitauliza, kisha nitanyamaza. Mara tatu, mwanangu.